Mgeni wa Jangwani Aliyetaka Kuingia Baharini

Vijana mnaotembeza wageni hapa Unguja, shikamoo zenu nimezipokea, na maswali yenu pia. Kila nikipita Mlandege kwenda kununua mahitaji yangu, hakosi mmoja wenu kunisimamisha: "Bi Rukia, ati zamani nawe ulikuwa ukitembeza wageni?" Ndiyo, nilikuwa. Nimewatembeza kabla mama zenu hawajaolewa, tena wageni ambao nyinyi msingepewa hata kukiona kivuli chao. Sikuwa na fulana yenye maandishi kifuani wala kibao cha jina. Nilikuwa na buibui langu, viatu vyepesi, na ulimi usiochoka. Watoto wangu hunikataza kujisifu mbele za watu. Leo nitajisifu, na atakayechoka aende akanywe maji kisha arudi.

Miaka ile ya hamsini, meli ikitia nanga, watembezaji wanaume walijaa gatini na tarbushi zao, kila mmoja akivuta mgeni wake. Safari yao ilikuwa moja tu, kama kuswalisha: kasri, soko, shamba la karafuu, magofu ya Mbweni, kisha kurudi bandarini. Mgeni awe kijana au mzee, awe mgonjwa wa magoti au mpenda kula, alipelekwa kulekule na kuambiwa yaleyale. Mie nikipita nikawasikia, niliweza kuyasema yale maneno pamoja nao mpaka mwisho.

Lakini wageni hao walikuwa na wake. Wengine walikuwa mabibi wanaokaa ndani, wasiotembea na mwanamume asiyewahusu. Mume akienda kuangalia mji, mke aliachwa ghorofani kwa mwenyeji wake, anajipepea na kuhesabu boriti. Aliyeiona kazi hapo ni Bi Kidawa, si mimi.

Bi Kidawa alikuwa dalali. Siku hizo mabibi wa majumba hawakwenda sokoni, soko ndilo lililowaendea. Bi Kidawa alichukua bahasha kichwani, furushi la nguo, udi, manukato, na bangili za watu zinazouzwa kwa siri, akapita nayo nyumba kwa nyumba kutoka Malindi mpaka Vuga. Hakuna mlango wa jikoni usiojua hodi yake. Basi mabibi wakawa wanamwomba, "Kidawa, hebu mtoe huyu mgeni wangu kidogo, anazubaa hapa." Akawa anawatoa. Mimi wakati huo nilikuwa nimeachika, nimerudi Ng'ambo kwa mama yangu, sina kazi ila kugombana na ndugu zangu. Akanichukua nifuatane naye.

Nyinyi mna ratiba zilizochapwa, na mgeni anatia alama kwenye anachokitaka. Bi Kidawa hakumuuliza mgeni hata siku moja anataka kuona nini. Aliniambia, "Hajakiona bado, atajuaje kama anakitaka?" Alikaa naye kwanza, wakanywa kahawa, wakasemezana habari za watoto. Halafu huuliza jambo moja tu: "Ulipokuwa kwenu, uliambiwa nini juu ya Unguja?" Akishauliza hunyamaza, hata kama mgeni atakaa kimya mpaka kahawa ipoe. Kutokana na jibu hilo ndipo huikata safari ya mtu huyo peke yake, kama fundi anavyokata kanzu kwa bega la mwenyewe.

Mimi mwanzo nilimwona anapoteza wakati. Siku moja nikampata bibi wa Kihindi kutoka Bombay, nikasema huyu nitamwonesha kazi. Nikamweka mbele ya kasri, nikamwaga masultani wote niliowajua na wengine niliowatunga. Nilipogeuka alikuwa amelala juu ya baraza, mdomo wazi. Bi Kidawa alipokuja akamwamsha kwa upole na kumuuliza lile swali lake. Yule bibi akasema kwao waliambiwa kwamba Unguja watu hutia nazi katika kila kitu. Tukampeleka majiko matatu, akakuna nazi kwa mkono wake mpaka akajikwaruza kidole, akarudi melini akicheka na mkono umefungwa kitambaa. Mwaka wa pili akatuletea dada zake.

Mwengine alikuwa mama wa Kizungu. Huyo aliambiwa kwamba wanawake wetu wamefungiwa ndani na kulia kutwa. Bi Kidawa akampeleka kwa shangazi yangu, ambaye hakuwahi kumwacha mtu yeyote akae bure. Shangazi akampa ungo wa mchele achambue. Akachambua huku akisikiliza umbeya wa mtaa mzima, mimi nikifasiri nusu, nusu nikiuficha. Jua lilipopinduka hakutaka kuondoka. Shangazi ndiye aliyekuwa akilia siku ile, kwa vicheko, maana mama huyo alitupa mchele mzuri na kuacha mawe.

Sasa nataka kuwasimulia Bi Zuwena, maana huyo ndiye aliyenipa jina langu katika kazi hii.

Alikuja na mumewe, Sheikh Nasor, kwa meli iliyotoka pande za Maskati. Kwao si pwani. Ni ndani huko nyuma ya milima, mchanga na mitende tu, na mtu akitaka kufika baharini hupanda ngamia mpaka awachoke ngamia nao wamchoke. Sheikh alikuwa na mambo ya shamba la urithi na jamaa zake wa hapa. Yalikuwa yamekwisha, na meli ilikuwa inaondoka kesho yake magharibi. Mwenyeji wao, bibi mmoja wa Malindi, alimwita Bi Kidawa amtoe mgeni japo siku hiyo moja iliyobaki. Bi Kidawa miguu ilikuwa imemvimba, hawezi ngazi. Akaniambia, "Nenda peke yako. Na usinitie aibu."

Nilimkuta Bi Zuwena amekaa kando ya dirisha, barakoa usoni, na macho yanayocheka juu ya barakoa hiyo. Kiswahili chake kilinishangaza. Kilikuwa Kiswahili cha bibi zetu, maneno ambayo mimi niliyasikia kwa wazee tu. Tukanywa kahawa. Nikauliza nililofunzwa kuuliza.

"Naliambiwa uongo," akasema. "Ndivyo wasemavyo kwetu."

Nikanyamaza, kama nilivyofunzwa.

"Bibi yangu, mama wa baba, alizaliwa hapa Unguja. Akaolewa, akachukuliwa kwetu, hakurudi tena. Usiku akitusimulia habari za bahari, na watu wazima wakicheka. Watoto wakamwita Bibi Hadithi. Amekufa na jina hilo. Na huyo mume wangu umwonaye ni mtoto wa ami yangu, bibi huyo ni bibi yake pia, na yeye ndiye aliyekuwa akicheka kuliko wote."

"Lakini sasa umeshaivuka bahari, bibi."

"Nimeivuka ndani ya chumba. Kidirisha chake kama sahani. Nimeiona sahanini, sijaigusa." Akaweka kikombe chini. "Nataka niingie baharini, mwili mzima, nitoke na chumvi yake. Nikirudi kwetu sitatoka tena, najua. Nataka niweze kusema, nimeingia, nami nashuhudia kwamba Bibi hakuwa mwongo."

Basi hilo ndilo nililopewa: bibi wa heshima, asiyeonekana uso na mwanamume, aingie baharini mchana, na kesho jioni awe melini. Mjini haiwezekani. Pwani yote ya mji ina mashua, wachukuzi na watu wanaotazama. Mbweni nako kuna njia za watu. Nikakumbuka Jambiani. Tulikwenda huko na Bi Kidawa mara mbili tatu kuuza kanga, na nilijua wanawake wa huko wana upande wao wa pwani, wanapofukia makumbi ya nazi mchangani mpaka yaoze, wayapige wasokote kamba. Wanaume hawaendi upande huo wakiwa kazini. Na kila nilipofika, bahari ilikuwa imejaa mpaka chini ya minazi, rangi ya buluu, safi kabisa. Nikaona nimeshamaliza kazi.

Hapa ndipo mtakaponicheka. Mtu wa mjini anajua kuwa maji hujaa na kupwa, lakini mjini yakipwa huacha ngazi chache kavu, na anayetaka kuoga bado ataoga. Sikujua kwamba upande ule wa mashariki, siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mchanga, bahari huhama na vyombo vyake vyote. Tena aliyelijua hilo vizuri alikuwa pamoja nasi garini. Dereva wetu, Makame, alikuwa Mtumbatu, mtu wa kisiwani, amezaliwa na maji mguuni. Lakini ningemwambiaje Makame kwamba mke wa Sheikh anataka kuoga? Maneno hayo hayasemwi mbele ya mwanamume. Nilimwambia tunakwenda kutembea Jambiani, basi. Naye hakuuliza tunakwendea nini, kwa kuwa kuwauliza mabibi mambo yao si adabu. Tukaheshimiana hivyo njia nzima mpaka tukafika pabaya.

Kesho yake tulitoka asubuhi na gari ya mapazia. Sheikh alikaa mbele na Makame, amekunja uso. Alikubali kwa sharti moja, kwamba tukishaswali adhuhuri tunageuza gari, maana meli haimngoji mtu. Baada ya Kitogani tulipoingia uwandani, kwenye yale mawe matupu na vichaka vikavu, Bi Zuwena akafunua pazia kidogo. "Hapa pamefanana na kwetu," akasema, na nikamsikia anahema kwa furaha. Nikamwambia asubiri, uzuri uko mbele.

Tukatokeza kwenye minazi ya Jambiani. Makame akasimamisha gari. Nikafungua mlango nimkaribishe mgeni wangu baharini, na bahari haipo.

Ulikuwa mchanga mtupu. Mchanga wenye matuta, mwani umelala, vidimbwi vinametameta, na mbali kabisa uzi mweupe wa mawimbi ambao hata mwenye macho mazuri angeutilia shaka. Sheikh Nasor akashuka, akatia mikono kiunoni, akatazama kushoto na kulia. Kisha akacheka, kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

"Umefanya kazi kubwa, bibi wee," akaniambia kwa Kiarabu. "Umemtoa mtu jangwani ukamleta jangwani."

Wallahi, aibu gani ile. Nilimwona akilini Bi Kidawa na miguu yake iliyovimba, nikaona watembezaji wote wa gatini wanagongana mabega kwa vicheko. Nikaanza kumwomba radhi Bi Zuwena, naye hanisikii. Amesimama na viatu mkononi, anautazama ule mchanga.

Upande wa mashimo ya makumbi kulikuwa na mwanamke mmoja wa makamo, kanga imefungwa kiunoni, anachimbua. Aliitwa Bi Mize, aliwahi kununua kanga kwetu. Nikamwita.

"Naam!" Akaja akipangusa matope. "We Rukia, leo umekuja na watu wakubwa."

"Bi Mize, maji yako wapi?"

"Maji? Yamekupwa. Hukuutazama mwezi? Leo bamvua, mwanangu. Watu wa mjini nyinyi, mnaishi na bahari kama mnaishi na mpangaji, hamjui anatoka saa ngapi."

Bi Zuwena akamshika mkono. "Yamekwenda wapi?"

"Yamekwenda kwao huko, mwambani."

"Yatarudi?"

Bi Mize akanitazama mimi, kama anayeuliza mgeni huyu mzima. "Yatakosaje kurudi? Ndiyo kazi yake. Yanakwenda yanarudi, yanakwenda yanarudi, mchana na usiku. Hivi sasa yashageuka, yanakuja."

"Nani anayaleta?"

"Hakuna anayeyaleta, mama. Yanakuja yenyewe."

Bi Zuwena akakaa chini palepale na nguo zake nzuri. Nilidhani ameanguka. "Ndiyo hii," akasema. "Hii ndiyo hadithi waliyoicheka kuliko zote. Bibi akisema, kwetu maji huondoka, watoto wakaenda kucheza pale yalipokuwa, halafu hurudi yenyewe wala hakuna aliyeyafuata. Nasor alicheka mpaka akapaliwa na tende. Hata mimi, Bi Rukia. Hata mimi nalicheka."

Akalia kidogo, akafuta macho, akasimama. "Twendeni tukayapokee," akasema.

Bi Mize akawapigia ukelele wanaume waliokuwa kando ya gari. Mabibi wanakwenda pwani, wageuke. Sheikh na Makame wakageuza migongo, wakakaa nyuma ya gari wakitazama migomba ya watu. Tukashika njia sisi watatu. Mimi ndiye mtembezaji, na mimi ndiye niliyebaki nyuma. Nyayo zangu za mjini ziliona kila gamba la chaza. Bi Zuwena aliweka mguu mchangani kama anayerudi nyumbani kwake, barakoa ameivua na kuitia kifuani, na kwa mara ya kwanza nikauona uso wake. Alikuwa kijana kuliko nilivyodhani. Kila baada ya hatua chache aliinama, akagusa matuta ya mchanga, akasema kwao upepo ndio unaoyapanga hivi.

Tulikutana na maji katikati. Msidhani yalikuja kwa kishindo. Yalikuja kimya kimya, ulimi mwembamba kati ya tuta na tuta, yakazunguka vidole vyake, yakapita. Bi Zuwena akasimama kama mti. Halafu akacheka kwa sauti ambayo nina hakika ilifika nyuma ya gari.

"Kwetu sisi ndio tunaoyafuata maji," akasema. "Haya yamenifuata mimi."

Hapo Bi Mize akanifunza jambo ambalo nanyi nakufunzeni, bila malipo. Ukiwa na mgeni kule nje, maji yakianza kurudi, geuka nayo. Yaache yakufike muundini, chini ya goti, nawe rudi pole pole uelekee pwani, yabaki muundini hivyohivyo. Usisimame kuyatazama ya mbele tu, kwa kuwa mengine hupita kwenye mikondo kando yako, na ukija kugeuka utakuta yako nyuma, tena marefu. Kazi hiyo nimeifanya na wageni wengi tangu siku ile, na hakuna aliyenizamia.

Tukarudi na bahari, kama watu wanaosindikizwa. Karibu na pwani yalipotufika viunoni, Bi Mize akamshika Bi Zuwena mkono mmoja na mimi mwengine, naye akajitupa na nguo zake zote. Suruali ya marinda ikavimba kama mto wa kulalia. Akazama, akaibuka, akameza, akatema, akaomba tena. Alilamba mkono wake kama mtoto. Nilikuwa nimelowa mpaka nywele, na nilijiona mkubwa kuliko watembezaji wote wa gatini. Nililia pia, sifichi, na bahati ya baharini ni kwamba hakuna anayejua chozi ni lipi.

Tulisahau adhuhuri. Sheikh Nasor hakusahau. Alishaswali, jua limepinduka, na meli imo kichwani mwake. Tukamsikia anamwita mkewe, mara ya kwanza kwa ustaarabu, mara ya pili kwa hasira. Hakuna aliyemjibu. Basi akaja. Lakini heshima ni heshima, hawezi kuwatazama wanawake waliolowa, kwa hiyo alikuja kinyumenyume. Alishuka kutoka kwenye minazi mgongo ukiwa mbele, kanzu ameishika juu kidogo, akinyoosha mguu wa nyuma na kupapasa mchanga kwa kiatu kabla ya kuukanyaga, huku akipiga kelele, "Zuwena! Meli! Zuwena! Unataka tubaki hapa?" Bi Mize alijiziba mdomo kwa kanga. Mimi nilizama kichwa nisionekane ninavyocheka.

Asubuhi pale alikuwa ameona mchanga mkavu mpaka mwisho wa macho. Ndio aliokuwa nao kichwani alipokuwa akirudi nyuma. Akapiga hatua nyingine, na maji yakamgusa visigino.

Akainamisha kichwa, akatazama kati ya miguu yake. Wimbi dogo likapita, likamfunika viatu, likarudi, likaja tena juu zaidi.

"Zuwena," akasema, sasa kwa sauti nyingine. "Maji haya yametoka wapi?"

"Yamerudi," mkewe akamjibu.

"Nani ameyaleta?"

"Hakuna. Yamekuja yenyewe, kama alivyosema Bibi."

Sheikh akavua viatu, akavishika mkononi. Mgongo wake bado ulikuwa umetugeukia, hatukuuona uso wake, ila nilimwona anainama, anachota kwa kiganja, anaonja. Mabega yakamtetemeka. Nilidhani anacheka tena.

"Mungu amrehemu Bibi," akasema. "Mungu amrehemu, na atusamehe sisi."

Maji yakampanda mpaka kwenye vifundo. Makame kule juu akapiga honi ya kutuharakisha, na Sheikh Nasor, aliyetuharakisha tangu asubuhi, akainua mkono kumnyamazisha.

"Mwambie mtembezaji wako," akamwambia mkewe, "tungoje kidogo."

Tukangoja.